Baruti, Fisi na Ridhaa: Mkristo wa Pwani Mbele ya Vita na Sayansi

Katika vyuo vikuu vingi, vya kwetu na vya ng'ambo, mazungumzo juu ya mipaka ya sayansi huanzia mji wa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwandishi wa makala haya alifundishwa hivyo alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, wala hana ugomvi na mafundisho hayo. Msiba wa Hiroshima ni mkubwa kiasi cha kustahili kuwa mwanzo wa mambo mengi. Hata hivyo, msomaji wa Pwani ya Kenya ana haki ya kuuliza kama swali hili lilimfikia kwa njia ya magazeti na redio tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Swali la nini kinachoruhusiwa kutendwa kwa nguvu za elimu lililetwa kwetu miaka 31 kabla ya Hiroshima, ndani ya msitu wa Kaya Fungo, kwa mshindo wa baruti. Tena lilipofika lilikuta wenyeji walio na jibu lao, ingawa jibu hilo halikuwa limeandikwa katika kitabu chochote.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anayeandika ni Mkristo, na kwamba upande anaouzungumzia ni wa Tezo, kaskazini mwa mji wa Kilifi, kando ya barabara iendayo Malindi. Jina hilo lina mvuto wake kwa mwanafunzi wa lugha. Tezo ni chombo cha seremala na cha fundi wa vyombo vya baharini: kipini, na bapa la chuma lililokaa kimshazari kama la jembe, la kuchongea ubao. Sidai kwamba mahali hapo pamepata jina kutokana na chombo hicho. Natosheka kusema kwamba kwa tezo ileile fundi huchonga jahazi, na kwa kuteleza kidogo hujikata muundi wa mguu. Katika sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo ametajwa Tubal-kaini, mfua vyombo vya shaba na chuma. Na mara tu baada ya kutajwa kwake, baba yake Lameki anasikika akijisifu mbele ya wake zake kwamba ameua mtu. Wafafanuzi wengi huipita sehemu hiyo upesi. Mimi huona kwamba mwandishi wa kale aliyapanga mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi, chombo kwanza, kisha majivuno ya damu, bila kusema kwamba chombo ndicho kilichoua.

Sasa tuitazame Kaya. Wagiriama, kama Wamijikenda wengine, walikuwa na makaya, yaani miji iliyozungushiwa msitu, na Kaya Fungo ndiyo iliyokuwa kitovu chao. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama kutoka humo, wametawanyika mpaka ng'ambo ya mto Sabaki wakitafuta ardhi ya kulima mahindi. Lakini mambo mazito yalibaki kaya, na katika hayo zito kuliko yote lilikuwa kiapo cha fisi. Kiapo hicho kiliaminiwa kuwa na uwezo wa kuua mtu mwongo au mvunja ahadi. Si kila mzee aliyeruhusiwa kukigusa. Walinzi wake walikuwa vaya, wazee wachache wa daraja la juu kabisa, waliofikia daraja hilo baada ya miaka mingi na malipo mengi. Kijana hata awe na akili namna gani asingepewa fisi; wala mzee mmoja peke yake asingeweza kukiondoa na kukitumia kwa ugomvi wake binafsi.

Kwa lugha ya leo tungesema kwamba hapa palikuwa na maarifa ya hatari, na kwamba jamii iliyoyamiliki iliyawekea walinzi. Msomaji wa Kikristo anaweza kupinga na kusema kwamba fisi ni ushirikina, na mimi simlazimishi aamini nguvu zake. Nasema juu ya utaratibu, si juu ya nguvu. Wala nisieleweke kwamba Wagiriama walikuwa watu wasiojua kuua. Walikuwa mafundi mashuhuri wa utsungu, sumu ya mishale inayopikwa kutoka kwa mti, na sumu hiyo ilinunuliwa na majirani zao. Hiyo nayo ni sayansi. Tofauti ni kwamba mpishi wa utsungu na mlinzi wa fisi waliishi miongoni mwa watu ambao wangedhurika kwao, wakala nao, wakazikana nao.

Mwaka 1913 utaratibu huo wenyewe ulinyooshwa kupita kawaida yake. Serikali ya Kiingereza ilitaka mambo mawili kutoka kwa Wagiriama: kodi, na vijana wa kufanya kazi katika mashamba na miradi ya Pwani. Mtawala wa wilaya, Arthur Champion, alikuwa na amri ya kuyapata. Ndipo alipotokea Mekatilili wa Menza, mwanamke wa makamo, mjane, akaenda mji kwa mji akicheza kifudu na kuwaambia watu wasiwatoe watoto wao. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliwakusanya watu kaya, na huko viapo viwili vikaapishwa: fisi kwa wanaume, na mukushekushe kwa wanawake. Aliyekubali kutumikia serikali alikuwa amejitia chini ya kiapo. Hapa sipendi kufuata mtindo wa vitabu vya shule ambavyo humpamba Mekatilili kama malaika. Kiapo kilichowekwa kwa ajili ya kesi za wizi na uchawi sasa kilifungwa juu ya umma mzima, na waliokuwa na shaka hawakuachiwa nafasi ya kusema hapana. Vita hupanua kila chombo kinachokutwa mkononi. Lakini hata katika kupanuliwa huko kiapo kilipitia mikono ya wazee wake, mahali pake, mbele ya watu waliokuwa wakijuana.

Mekatilili na Wanje walikamatwa Oktoba 1913 wakapelekwa uhamishoni Kisii. Mwaka uliofuata walitoroka, wakarudi kwa miguu mwendo wa mamia ya kilomita, wakakamatwa tena. Serikali ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mzizi wa fitina ni kaya yenyewe. Tarehe 4 Agosti 1914 Kaya Fungo ikapigwa baruti. Miti mikubwa na malango vilivunjwa kwa dainamaiti, nyumba zikachomwa. Siku hiyohiyo, huko London, Uingereza ilitangaza vita juu ya Ujerumani. Yapo mambo ambayo mwandishi wa hadithi angeona haya kuyabuni kwa jinsi yanavyopatana mno.

Mapigano yaliyofuata yalichukua wiki chache. Upande mmoja ulikuwa na mishale, upande wa pili bunduki za King's African Rifles, na wengi wa askari hao walikuwa Waafrika. Waliouawa miongoni mwa Wagiriama hutajwa kuwa si chini ya 150. Nyumba nyingi mno zilichomwa na maelfu ya mbuzi wakachukuliwa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, kuhama kutoka kaskazini ya Sabaki, na kutoa vijana 1,000 wa kazi. Hivyo kile ambacho Mekatilili alikikataza kwa kiapo kilipatikana kwa moto.

Mapokeo ya Kanisa tangu Agostino, na baadaye Thomas wa Akwino, yameweka masharti ya vita vya haki: viamriwe na mwenye mamlaka halali, viwe na sababu ya haki, na nia ya apiganaye iwe kuleta amani. Champion na wakubwa wake huko Mombasa walikuwa Wakristo wa nchi ya Kikristo. Wangesema, bila shaka, kwamba mamlaka walikuwa nayo na kwamba walitaka amani. Tuwakubalie hayo kwa ajili ya hoja. Linabaki swali la sababu, na sababu ilikuwa kazi ya mikono ya vijana. Tena linabaki lile lililotendwa. Kaya ilikuwa mahali pa kuombea mvua, pa kuzikia, pa kutolea hukumu. Mkristo wa Tezo hasali kaya. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mle ndani mna giza. Pengine wapo waliousikia mshindo wa baruti kama ushindi wa Injili. Nadhani hapo ndipo kipimo kigumu cha dhamiri kilipo: kukiri kwamba jambo ovu lilitendwa juu ya patakatifu pa mtu mwingine, ambapo sisi wenyewe hatupaheshimu kwa ibada.

Neno baruti ni la zamani katika Kiswahili, lilikuja na bunduki za kugumia. Dainamaiti ni kitu kingine. Alfred Nobel, mhandisi wa Uswidi, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1867, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasua miamba ya migodi na kufungua njia za reli. Nobel alitajirika, akafa mwaka 1896, na katika wasia wake aliagiza mali yake itumike kutoa tuzo kwa watu wanaowafaa wanadamu katika sayansi, fasihi na amani. Tuzo hizo zilianza kutolewa mwaka 1901. Mwaka 1905 ile ya tiba ilimwendea Mjerumani Robert Koch, aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu.

Ninamtaja Koch kwa sababu mwaka uliofuata alikuja Afrika Mashariki. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa Uganda, kando ya ziwa. Zaidi ya 200,000 walikufa katika maambukizo yale. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa wengi kwa dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni dalili zilipungua na watu wakafurika kambini. Dalili ziliporudi, aliongeza kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na upofu wao haukupona. Koch mwenyewe alishauri wagonjwa watengwe katika kambi maalumu. Simwiti Koch muuaji. Ugonjwa ulikuwa unaua bila yeye, na dawa bora haikuwako. Lakini wagonjwa wale hawakuelezwa kwa lugha wanayoijua kwamba wao ndio mahali pa kujaribia kipimo. Basi katika muda usiozidi miaka minane, Afrika Mashariki ilipokea kutoka mfuko mmoja mtaalamu aliyetuzwa kwa mali ya dainamaiti na dainamaiti yenyewe. Sioni fumbo la siri katika hilo. Naona tu kwamba tuzo na mshindo vilitufikia kwa njia ileile ya meli, na kwamba hapa kwetu havikuwa na mlinzi yeyote aliyejibu mbele ya wenyeji.

Tuirudie vita. Wapagazi waliochukuliwa Kenya, Uganda, Unguja na kwingineko kubeba mizigo ya jeshi la Kiingereza dhidi ya Lettow-Vorbeck wameacha jina lao katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Zaidi ya 90,000 kati yao walikufa. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu kwa haraka ya safari, ukaliwa na watu ambao wengine hawakuuzoea kabisa. Kuhara damu kulifuata kama kivuli.

Upande wa Wajerumani, chuo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya elimu ya mimea na kilimo, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyopandwa huko, pamoja na sabuni na vitu vingine, baada ya njia ya bahari kufungwa. Maafisa wa Kijerumani waliinywa kwinini ile chungu na kuipa jina la utani la ulevi wa Lettow. Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa mjadala wa Hiroshima hulisahau. Sayansi huvuka mpaka wake si kwa kile inachokitenda tu, bali pia kwa yule inayemwacha. Mwaka 1917 ilikwisha kujulikana kwamba maji machafu na chakula kibichi huleta kuhara, na kwamba kwinini huzuia malaria. Maarifa hayo hayakufichwa. Yaligawiwa kwa kufuata cheo na rangi, na mpagazi alikuwa wa mwisho katika foleni.

Ushahidi kwamba ingewezekana vinginevyo upo, na unatoka kwa Mkristo. John Arthur, daktari na mchungaji wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu, alikusanya mwaka 1917 kikosi cha wapagazi wa misheni, akaenda nacho mwenyewe. Chini ya uangalizi wake, kwa kupikiwa vema na kutibiwa mapema, vifo vyao vilikuwa vichache sana vikilinganishwa na vikosi vingine. Sifa hiyo ni yake. Lakini Arthur huyohuyo, mwaka 1919, alikuwa pamoja na maaskofu wa Mombasa na Uganda katika kuandika waraka uliokubali kazi ya lazima mradi iwe na sheria na ulinzi. Gavana Northey alikuwa ametoa maagizo kwamba maafisa wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwa walowezi, na kila mwanakijiji alijua maana ya kuhimizwa na afisa mwenye askari.

Aliyewapinga alikuwa askofu Frank Weston wa Zanzibar. Mtu huyu naye hakuwa nje ya vita. Mwaka 1916 alikusanya wapagazi Unguja akatembea nao bara. Wakati wa vita aliandika waraka mkali akiwashutumu Wajerumani kwa kuwafanya Waafrika watumwa. Na mwaka 1920 aliigeuza kalamu ileile juu ya nchi yake mwenyewe, akachapisha kijitabu kilichowaita wenyeji wa Kenya watumwa wa ardhi wa Uingereza. Hoja yake haikuwa ya kisiasa hasa. Alisema kwamba kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni kinyume cha imani, hata ulinzi uwe mzuri kiasi gani. Tukiwaweka Arthur na Weston pamoja tunauona mgawanyiko ambao bado umo makanisani mwetu. Mmoja anauliza: je, watatunzwa vizuri? Wa pili anauliza: je, wamekubali? Mwandishi wa makala haya humheshimu Arthur, lakini husimama upande wa Weston. Na huona uchungu kwamba kijitabu kile kilikuja miaka sita baada ya Kaya Fungo.

Swali la Weston halikuishia vitani. Katika miaka ya ukoloni ilienea kote Afrika Mashariki hofu ya mumiani, yaani watu waliosemekana kukamata raia na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wasomi wengi wameicheka. Mimi naisoma kama waraka wa watu wasio na gazeti: waliona kwamba miili yao inahitajiwa na elimu wasiyoshirikishwa, wakalisema hilo kwa lugha waliyokuwa nayo. Hofu hiyo haijafa. Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, ilianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya Kilifi. Watoto wanatolewa damu kwa ajili ya vipimo; minong'ono kwamba damu inauzwa, au kwamba kuna ibada ya shetani ndani yake, imesikika vijijini kwa miaka mingi, na watafiti wenyewe wameiandika.

Haki itendeke. Kati ya mwaka 1993 na 1995 kituo hicho kilijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa ya mbu katika mitaa ya Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa karibu theluthi moja. Matokeo hayo yalisaidia kuvieneza vyandarua Afrika nzima. Ili yapatikane, ilibidi nusu ya mitaa ipewe na nusu isipewe katika muda ule, kusudi makaburi yahesabiwe pande zote mbili. Wakati ule hapakuwa na uhakika kwamba vyandarua vingeokoa watu hapa kwetu, na wataalamu wa maadili hutegemea kutokuwa na uhakika huko kama ruhusa. Naikubali hoja yao. Lakini sithubutu kuitamka mbele ya mzazi wa mtaa usiopewa.

Tangu mwaka 2000 watu wa Tezo, pamoja na majirani zao wa Ngerenya na Roka, wamo katika daftari la kituo: kuzaliwa, kuhama na kufa kwao huandikwa na wahesabuji wanaopita nyumba kwa nyumba. Wapo pia wawakilishi wa vijiji wanaokutana na watafiti na kupeleka malalamiko. Sese haikuwa na wawakilishi. Hata hivyo, Aprili 2020, madaktari wawili wa Ufaransa walipozungumza katika televisheni juu ya kujaribia Afrika chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona, hasira iliyolipuka huku kwetu haikuwa ya siku moja. Na jaribio la chanjo ya korona lilipoanza Kilifi baadaye mwaka huohuo, halikuweza kukwepa kivuli hicho.

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi za madaktari wa Hitler, huanza na sharti kwamba mtu anayefanyiwa jaribio akubali kwa hiari yake. Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoitwa. Katika fomu za Kiswahili hutumika maneno mawili kana kwamba ni moja: idhini na ridhaa. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayalingani. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka, chifu hutoa idhini ya mkutano. Ridhaa ni kuridhika kwa moyo. Mtu anaweza kutoa idhini bila ridhaa. Wagiriama waliotoa vijana 1,000 walifanya hivyo. Mama wa Tezo aliyempeleka mwanawe Kilifi usiku, mtoto akiwaka homa, ana idhini ya kutoa, kwa kuwa ndiye mzazi. Kama ana ridhaa, hilo linategemea kama ameelewa kwamba daktari aliye mbele yake anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, matibabu na utafiti, nazo kwa macho yake zina koti moja jeupe na sindano moja. Neno utafiti lenyewe humwambia machache; katika masikio ya wengi ni sawa na uchunguzi, na uchunguzi ni kile ambacho daktari hufanya ili ajue ugonjwa wa mtoto.

Kaya Fungo ilibaki. Mekatilili alirudi kwao baada ya vita, miti ikaota upya, na mwaka 2008 kaya hiyo, pamoja na nyingine za Wamijikenda, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kazi ya kuliandika neno la ridhaa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kwa namna ambayo mama yule ataweza kukataa usiku uleule na bado mwanawe atibiwe, ni ya idara za lugha kama hii yetu, na mpaka sasa tumewaachia madaktari waifanye peke yao.